Vazi la Mwuguzi Limkae

Tukimwona mwuguzi akivaa mipira ya mikono hapa kwetu Bibokoboko, milimani juu ya Baraka, twaweza kudhani ni desturi ya tangu zamani. Sivyo.

Majira ya baridi ya 1889 au 1890, huko Baltimore, Marekani, mwuguzi Caroline Hampton aliumia ngozi ya mikono kwa dawa kali ya zebaki ya kuulia vijidudu. Daktari Halsted, asiyetaka kumpoteza msaidizi hodari, akaagiza jozi mbili za mipira myembamba. Hivyo vazi lilianza kwa haja ya mikono ya mtu mmoja.

Kongo yetu ilijifunza jambo hilo kwa machozi. Mwaka 1995 Ebola iliwapata watumishi wa afya 80 huko Kikwit. Masista 6 wa Bergamo walikufa. Watumishi walipopewa mavazi ya kujikinga na kufundishwa kuyavaa, maambukizo kati yao yalipungua sana. Mwaka 2019 ugonjwa huo ulifika Mwenga, jirani ya Fizi.

Lakini mpira mpana huteleza, na ule unaobana hupasuka. Basi tunapochanga fedha za zahanati, tusiulize bei tu. Tuulize na kipimo cha mikono itakayotuuguza.