Uzito wa risasi katika shabaha ya mbali: kutoka nyanda za Buha hadi Moyowosi

Mashariki ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ardhi huteremka hadi kwenye mbuga na mafunjo ya Pori la Akiba Moyowosi. Pori hilo ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Humo huishi nzohe, mnyama wa majini ambaye mwindaji mwenye kibali humwona mara nyingi akiwa ng'ambo ya matope yasiyopitika kwa miguu. Kwa sababu hiyo suala la shabaha ya mbali, ambalo katika misitu ya miombo huwa nadra kuzuka, hapa haliepukiki.

Uzito unaozungumzwa ni wa kichwa cha risasi, si wa ganda lake. Hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban gramu 0.065. Bunduki ya .30-06, kwa mfano, hutumia vichwa vya greni 150, sawa na gramu 9.7, au vya greni 180, sawa na gramu 11.7. Kilicho chepesi hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 885 hivi kwa sekunde. Kizito, mita 820. Wengi huishia hapo na kuchagua chepesi. Lakini vichwa vikiwa na umbo moja, hewa hukipunguza chepesi kasi upesi zaidi, na upepo wa ubavuni hukipotosha zaidi. Katika mbuga iliyo wazi, umbali waweza kupimwa kwa chombo. Upepo hukisiwa tu.

Hata hivyo uzito peke yake hautoshi. Kichwa kirefu huhitaji mtutu ambao mifereji yake ya ndani hukizungusha vya kutosha, la sivyo huyumba angani. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliangusha tembo wengi kwa bunduki ndogo ya .275 na vichwa vigumu vya greni 173. Siri yake ilikuwa urefu wa kichwa, ugumu wake na ujuzi wa maungo ya mnyama, tena kwa masafa mafupi.

Kwa nyati, .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, yenye kichwa cha greni 300, ndiyo huhesabiwa kuwa kiwango cha chini, na mwindaji hupaswa kumsogelea. Nyati aliyejeruhiwa kutoka mbali hutokomea kichakani, na atakayekutana naye kesho yake huenda akawa mrina asali asiye na silaha.

Huko Marekani walenga shabaha wengi hujijazia risasi wenyewe: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha kichwa. Faida inayotafutwa ni ulinganifu wa risasi moja na nyingine. Anayezidisha baruti ili apate nguvu huhatarisha kupasua bunduki usoni pake. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Mwenye gobore, kwa namna fulani, naye hujijazia, ila humimina baruti kwa kukisia, katika mtutu usio na mifereji. Silaha hiyo haina shabaha ya mbali ya kuzungumziwa, na yaweza kumkata mkono mwenyewe.

Mmiliki halali hubakiwa na njia moja iliyo rahisi: anunue aina mbili au tatu za risasi za kiwandani, afyatue tano tano za kila aina akiwa ameegemeza bunduki, kwa mita 100 na kisha 200, na achague zile zinazokaribiana zaidi kwenye ubao. Aliyerekebisha darubini yake Dar es Salaam airudie kazi hiyo afikapo Kigoma, kwa kuwa juu ya mita 1,000 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na risasi ya masafa marefu hupiga juu kidogo. Na asiache risasi kwenye dashibodi ya gari juani: baruti iliyopata joto huongeza shinikizo na kubadili mahali risasi inapopiga.