Kutoka Mkono hadi Komeo

Mtoto akishasimama dede na kuzijua hatua zake, usiku wa nyumba nzima hubadilika. Juzi mama alimlaza mahali akamkuta palepale. Leo anamlaza kitandani na kumkuta ukumbini, akiburuta kanga gizani. Hajui kuwa ni usiku. Kwake giza si onyo, na mlango ni kitu cha kusukuma tu. Kwa hiyo kila jamii iliyowahi kulea watoto ililazimika kujibu swali moja: sisi wakubwa tukishalala, huyu atalindwa na nani, au atalindwa na nini?

Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, nami naona kwamba historia yake ni historia ya nyumba zenyewe. Ukitaka kujua watu walimlinda vipi mtoto usiku, tazama walijenga vipi, na nani alilala karibu na mlango.

Chukua mfano wa nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18. Sehemu zake hufuatana kutoka njiani kwenda nyuma: daka, kiwanda, kisha misana, kisha ndani, mahali pa faragha ya wenye nyumba. Sehemu nyingi za ndani zilitengwa kwa pazia badala ya mlango. Mtoto aliyeamka huko nyuma hakukutana na barabara. Alikutana na ukumbi mwingine, na katika ukumbi huo alikuta watu. Ili afike nje ilimpasa awaruke jamaa zake mmoja baada ya mwingine.

Nyumba ya bibi yangu, Pangani, haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Lakini kanuni ilikuwa ileile. Mtoto alilala na mama yake mpaka alipoachishwa ziwa, yaani karibu na miaka miwili, kisha akahamia kwa bibi. Hapo ndipo hasa miguu yake ilipokuwa imepata nguvu ya kumpeleka mbali. Bibi alitandika mkeka wake mbele ya mlango, kwa upana, mgongo wake ukigusa ubao. Mguuni mwa mtoto palikuwa na njuga ndogo. Sisi wajukuu tulidhani ni pambo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba mkeka ule ulikuwa komeo, na njuga ile ilikuwa kengele ya hatari.

Ndugu msomaji, nisieleweke kuwa nasifu ya kale yote. Koroboi ilibaki ikiwaka, moto ulifunikwa majivu katikati ya mafiga, na kisima cha jirani hakikuwa na mfuniko. Wako watoto waliopotea katika usiku ule, na wazee waliwataja kwa sauti ya chini. Ninachosema ni kwamba ulinzi wenyewe ulikuwa mwili wa mtu, na mwili wa mtu huamka.

Mjini mambo yakawa mengine. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni aghalabu ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na nyuma kuna ua wenye jiko na choo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipobomoa nyumba za makuti lilijenga nyingi za kudumu kwa kufuata ramani hiyohiyo. Lakini wakaaji walikuwa wapangaji, kila chumba familia yake, na bibi alikuwa amebaki shamba. Chumba kimoja kilibeba kitanda, kabati, vyombo, ndoo za maji, chupa ya mafuta ya taa, na wakati wa mvua jiko la mkaa pia. Ukumbini hakuna tena wa kumruka. Upo ukumbi mtupu, na mwisho wake uko mlango wa uani, ambao mpangaji aliyetoka kujisaidia huenda akauacha wazi. Hapo ndipo komeo la juu, lisilofikiwa na mkono wa mtoto, lilipopata kazi yake.

Hatari za chumba kile zilikuwa za kimyakimya. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili, na akiinamia ndoo hana nguvu ya kujiinua. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda, mtoto huona soda. Na jiko la mkaa linalowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo haimwamshi mtu yeyote.

Katika miaka ya karibuni wengi wetu tumejenga nyumba za namna nyingine: sebule, korido, vyumba vya kulala, na chumba cha watoto peke yake. Chumba hicho hatukukirithi pwani. Tumekipokea kutoka Ulaya na Marekani, na kwa kuwa wenzetu wamekaa nacho muda mrefu kuliko sisi, yafaa tujue kiliwafundisha nini.

Uingereza walianza na moto. Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 ilimtoza faini ya hadi pauni 10 mtu mzima aliyemwacha mtoto wa chini ya miaka 7 katika chumba chenye moto usiozungushiwa kinga ya kutosha, iwapo mtoto huyo alikufa au kuumia vibaya. Marekani walishtushwa na dirisha. Usiku wa tarehe 1 Machi 1932, huko New Jersey, mtoto wa rubani Charles Lindbergh, mwenye umri wa miezi 20, aliibwa kutoka chumba chake cha ghorofani. Mwezi Mei mwaka huo alikutwa amekufa. Hofu iliyofuata ilizaa chombo kipya. Mwaka 1937 kampuni ya Zenith ilitoa redio iliyobuniwa umbo na mchongaji Isamu Noguchi, ikaitwa Radio Nurse: sikio moja chumbani kwa mtoto, kipaza sauti kingine kwa wazazi. Mkeka wa bibi ulikuwa umegeuzwa kuwa waya.

Kisha likaja somo gumu zaidi, kwamba kinachofunga huweza kuua. Watoto walikuwa wakijificha ndani ya majokofu mabovu, ambayo mlango wake ulifunguka kwa nje tu, wakakosa hewa. Mwaka 1956 sheria ya Marekani ikaamuru kila jokofu jipya lifunguke pia kwa ndani. Mwaka 1973 ikatolewa kanuni kwamba fito za kitanda cha mtoto zisiachane kwa zaidi ya takriban sentimita 6, maana mwili wa mtoto ulipenya katika nafasi kubwa na kichwa kikanasa. Na mwaka 2011 vitanda vyenye ubavu wa kushusha vilipigwa marufuku kuuzwa, kwa kuwa ubavu ulipochomoka uliwabana watoto. Vitu vyote hivi, jokofu na kitanda, vilikuwa vya nyumbani, na kitanda kilitengenezwa kwa nia njema kabisa.

Afrika ya Mashariki nayo ina somo lake, nalo ni chungu. Mwezi Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa moto usiku kwa makusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa. Hawakuwa watoto wachanga. Walikuwa vijana wenye nguvu za kuvunja, lakini nondo hazikuvunjika.

Nilikuwa na habari hizo kichwani binti yangu aliponijia na shauri. Mwanawe wa miaka miwili na nusu alikuwa amevuta stuli saa tisa usiku, akafungua mlango wa nyuma, na baba yake akamkuta uani ameshika ukingo wa pipa la maji.

“Baba, nimenunua kufuli,” aliniambia. “Nitafunga chumba chake kwa nje. Angalau nitalala.”

“Mwanangu, na umeme ukileta hitilafu, ufunguo utautafuta wapi katika moshi?”

“Nitauweka chini ya mto.”

“Chini ya mto wa nani? Siku hiyo ukiwa msibani Tanga, je?”

Alinyamaza. Nami sikutaka ashindwe katika maneno, maana hofu yake ilikuwa ya haki. Tulizunguka nyumba pamoja. Kufuli ilirudishwa dukani. Milango ya nje ikapigwa makomeo juu kabisa, yanayofunguka kwa mkono wa mtu mzima bila ufunguo. Nondo za dirisha moja zikafanywa za kufunguka kwa ndani. Mlango wa mtoto ukaachwa wazi na kufungwa kengele ndogo. Godoro lake likashushwa sakafuni. Ndoo zikamwagwa na kufudikizwa kila jioni, pipa likapata mfuniko mzito, stuli zikahamia chumba cha wakubwa. Chandarua kikachomekwa chini ya godoro. Vyandarua hivi, ambavyo tangu mwaka 2004 akina mama wengi wajawazito nchini walivipata kwa Hati Punguzo, vililetwa kwa ajili ya malaria. Lakini mtoto akikivuta ili atoke, aliye karibu husikia.

Kwa hiyo historia hii yote naiona ikisema jambo moja. Kila kinga ya usiku yafaa iulizwe maswali mawili, siyo moja. La kwanza: je, itamzuia mtoto asiifikie hatari? Hilo sote tunaliuliza. La pili: je, hatari ikimfikia yeye huko alipo, kinga hiyo itatuzuia sisi kumfikia? Mkeka wa bibi ulijibu yote mawili, kwa sababu mlinzi na mwokozi walikuwa mtu mmoja. Kufuli hujibu la kwanza tu.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Nyumba zetu zimepungukiwa mikono. Bibi yuko mbali, shangazi ana kwake, na majirani tumetenganishwa kwa ukuta na geti. Si kosa kuweka chuma mahali ambapo zamani palilala mtu. Lakini chuma hakisikii kilio wala harufu ya moshi. Anayekiweka na abaki karibu, na mkono wake ujue njia ya kukifungua gizani.