Ng'ambo Katika Ramani

Hori lililotenganisha Mji Mkongwe wa Unguja na mitaa ya mashariki lilifukiwa zamani, na leo barabara ya Benjamin Mkapa inapita pale pale. Ukiivuka kutoka soko la Darajani unaingia Ng'ambo: Mchangani, Vikokotoni, Mlandege, Kisiwandui, Miembeni, Kikwajuni. Waliohamia huku katika karne ya 19 walikuwa watumwa na walioachwa huru, wavuvi, wachukuzi, mafundi, na watu waliotoka bara na Ngazija. Walijenga kwa miti, udongo na makuti kwenye viwanja ambavyo mara nyingi havikuwa vyao.

Wapangaji wa mji waliipigia hesabu Ng'ambo mapema. H. V. Lanchester, mtaalamu kutoka Uingereza, alichapisha mpango wa kwanza wa mji mwaka 1923. Lakini wenyeji walikuwa na mambo yao. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekaa Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mwaka huo huo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga jumba la Raha Leo, likawa na kituo cha redio. Januari 1964 wanamapinduzi walilifanya makao yao.

Baada ya Mapinduzi, Ng'ambo ilichorwa upya kabisa. Mpango wa mwaka 1968, ulioandaliwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ulitaka nyumba za udongo ziondoke na maghorofa yashike nafasi yake. Kikwajuni ilitangulia, kisha Michenzani, ambako majumba marefu yalipangwa kufuata barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Mzee Karume, Rais wa Zanzibar wakati huo, aliuawa Aprili 1972 kazi ikiwa bado inaendelea. Waliopata fleti walipata umeme, maji ya bomba na choo cha ndani, jambo lisilofaa kudharauliwa. Ila mpango wenyewe haukutimia wote, na nyuma ya majumba yale mitaa ya zamani ingali hai.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Sifa, wataalamu na fedha za ukarabati vikaelekea upande mmoja wa barabara, ilhali upande wa pili ndiko wenye mji wengi walikokuwa wakiishi. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa kubwa, na lilichukua miaka kuanza kurekebishwa.

Marekebisho yalianza katika miaka ya 2010 kwa mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioendeshwa na Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar pamoja na taasisi ya African Architecture Matters na Manispaa ya Amsterdam. Majengo yaliingizwa kwenye ramani ya kompyuta inayobeba maelezo pamoja na mchoro: matumizi ya jengo, hali yake, umri wake. Kilichonivutia zaidi ni kwamba wenyeji waliulizwa pia wanapokutania. Chukua baraza la kawaida, kiti cha saruji kilichoshikana na ukuta wa mbele, wazee wanapocheza bao na kunywa kahawa. Kwa mpimaji wa zamani lile ni sehemu ya ukuta tu. Likiwekewa alama yake, anayetaka kupanua barabara analiona kabla hajapeleka tingatinga.

Mwaka 2016 ukaja mradi mwingine, wa kupima Unguja na Pemba zote kwa ndege nyuki. Kamisheni ya Ardhi iliufanya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa warushaji. Ndege hizo nyepesi hurushwa kwa mkono, huenda na kurudi juu ya eneo zikipiga picha zinazopishana kidogo, kisha kompyuta huziunganisha kuwa picha moja. Picha zake ni za wazi kiasi kwamba mapaa ya mabati yanatofautishwa moja moja. Kilicho chini ya paa, ndege haikijui.

Mwaka 2019 utafiti wa Ng'ambo ulitoka kama kitabu, Ng'ambo Atlas. Lakini nyumba za udongo zinazidi kubomolewa na wenyewe wakijenga kwa matofali ya saruji, na ramani isiyoguswa huchakaa upesi. Ningependa kazi ya kuisahihisha ikabidhiwe ofisi za masheha, kwa kuwa sheha ndiye wa kwanza kusikia nyumba ipi imeuzwa na uwanja upi wa mpira umeanza kuzungushiwa ukuta.