Wisconsin: mpango wa kumaliza paa uliokosa wawindaji

Tarehe 28 Februari 2002, mamlaka ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ilitangaza kwamba madume 3 ya paa yaliyouawa karibu na mji mdogo wa Mount Horeb, katika uwindaji wa Novemba 2001, yalikuwa na ugonjwa wa kukonda. Paa wa kule anafanana na swala, ila pembe zake zina matawi na huanguka kila mwaka. Kwa wakaaji wengi ndiye nyama ya pori ya familia.

Ugonjwa huo ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967. Mnyama anakonda, anatoka mate, anasahau kuogopa watu, kisha anakufa. Hauna dawa wala chanjo. Unaletwa na protini iliyoharibika, ambayo moto wa jikoni hauiui na ambayo hubaki ndani ya udongo kwa miaka. Haijathibitishwa kwamba mtu ameupata kwa kula nyama, lakini wataalamu wanakataza kula mnyama mgonjwa.

Serikali ya jimbo ikapanga kuua paa wote katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Hesabu ilikuwa sawa kwenye karatasi. Shida ni kwamba wa kufyatua risasi walikuwa wawindaji wenyewe, na mashamba mengi ni ya watu binafsi. Wengi hawakukubali kufuta paa waliowatunza miaka yote. Wenye mashamba wengine walifunga njia. Wasikilizaji wa Beni na Butembo waliopitia miaka ya Ebola wanajua jambo hili: mpango unafika ukiwa tayari, mwenye nyumba anaulizwa mwishoni.

Kulikuwa pia na sheria ya kumlazimisha mwindaji kuua jike kwanza ndipo aruhusiwe dume. Ilichukiwa sana, na mwaka 2011 wabunge wa jimbo wakaifuta. Tayari mwaka 2010 mpango mpya ulikuwa umeacha lengo la kumaliza ugonjwa. Ulibaki kuupunguzia mwendo tu. Jirani yao Illinois, waliopata mgonjwa wa kwanza mwishoni mwa 2002, waliendelea kutuma wapigaji wa serikali kila baridi, na huko ugonjwa ulipanda polepole zaidi.

Leo, kusini-magharibi mwa Wisconsin, kuna sehemu ambako zaidi ya dume 1 kati ya 3 wazima wanaopimwa ni wagonjwa. Mwindaji anaacha kichwa cha paa kwenye kituo cha kupimia, anaweka nyama kwenye friji, na familia inangoja majibu kabla ya kupika.