Kasereka alienda wapi? Majina, karatasi na kumbukumbu za jamaa zetu



Kila mara chama kinapoandika vitu tulivyopoteza wakati wa kukimbia, liste inakuwa ndefu: mabati, mbuzi, magunia ya kakao, mashine ya kushona, pikipiki. Hatujaona bado mtu aliyeandika: «Nilipoteza majina ya wakoko wangu.» Lakini hiyo nayo ni hasara, tena ni hasara ambayo hakuna shirika litakuja kutulipa. Bati linanunuliwa sokoni. Mzee aliyejua nani alizaa nani, nani alitoka kilima gani na nani alizikwa chini ya mti gani, huyo hanunuliwi.

Tena si mambo ya kujifurahisha tu. Kijana aliyelelewa kwenye kambi anafika siku ya kuoa, wazee wanamuuliza ekihanda chake, hajui, na watu wanaogopa juu pengine msichana ni dada yake. Mjane anarudi kwenye shamba la bwana yake, anaulizwa: «Shahidi wako ni nani?» Njo maana tunaandika makala hii: tuonyeshe fasi gani historia ya jamaa inaweza kupatikana, hata kama karatasi zote ziliungua.

Jina ni hesabu

Kwetu Bayira, wale wanaoitwa mara mingi Banande, jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Paluku ama Mumbere ni mkubwa wa wavulana, Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Wasichana nao wako na yao: Masika anatangulia, Kavira anafuata, na kuendelea. Mvulana aliyezaliwa kisha wasichana anaitwa Muhindo, msichana aliyezaliwa kisha wavulana anaitwa Kahindo, juu mambo yamegeuka.

Watu wanaona hiyo ni desturi tu. Kwa mtu anayetafuta historia ya jamaa, ni zaidi ya desturi: ni karatasi ambayo hakuna mtu anaweza kuchoma. Chukua mama mmoja aliyeacha Paluku, Kambale, Kakule na Katembo. Hesabu kwa vidole. Kasereka alienda wapi? Kwanza angalia kama hakuna Muhindo aliyekaa kwenye nafasi yake. Kama hayuko, basi kuko mtoto ambaye jamaa imenyamaza juu yake. Pengine alikufa kwa surua akiwa mdogo. Pengine alipelekwa kwa shangazi akalelewa huko. Pengine alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi na hakurudi. Mara mingi, swali hili moja linafungua mlango ambao miaka hamsini ilikuwa imefunga. Koko ambaye alisema «sikumbuki kitu» ataanza kulia, kisha ataanza kusema.

Hesabu hiyo inavuka hata mpaka. Ndugu zetu Bakonzo wa Kasese na Bundibugyo wanasema Baluku pale tunaposema Paluku, Bwambale kwa Kambale, Masereka kwa Kasereka, Kule kwa Kakule, Thembo kwa Katembo. Kavira wetu ni Biira wao. Mtu akitafuta mjomba upande wa Uganda na kuuliza «Kakule», anaweza kuambiwa hayuko, kumbe amekaa pale, anaitwa Kule.

Lakini jina la hesabu peke yake halitoshi. Simama kwenye soko ya Butembo, ita «Kambale!», uone vichwa ngapi vitageuka. Njo maana kila jina linapaswa kufuatwa na vitu vinne: jina lake la pili, jina la baba, jina la mama, na ekihanda pamoja na kilima. Tuchunge pia: Baswagha, Batangi na Bamate ni majina ya sheferi za Lubero, kama Bashu na Watalinga katika Beni. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzeekea katika sheferi ya Baswagha bila kuwa Muswagha. Ukiandika «Baswagha», andika kama ni fasi ama ni damu.

Kuhama hakukuanza na sisi

Wengi wetu tunafikiri sisi njo kizazi cha kwanza kilichofukuzwa. Historia inasema mengine. Wazee wanasimulia kwamba jamaa mingi za Bayira zilitoka upande wa Uganda, zikavuka mto Semliki, zikapanda milima pole pole. Katika 1910 Wabeleji, Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka, na mstari ukapita juu ya Rwenzori. Siku moja jamaa moja ikawa ya nchi mbili, bila mtu yeyote kuhama.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale katika tambarare ya Semliki, na utawala wa kibeleji ukaondoa watu kule chini. Tena Parke Albert, iliyoundwa 1925 upande wa volkano, ilipanuliwa kati ya 1929 na 1935 mpaka ikafika kaskazini, Semliki na Rwenzori. Tangu 1969 tunaiita Virunga. Fasi ambazo wakoko wengine walilima na kuzikana sasa ni za tembo na kiboko. Njo maana mzee wa Bashu anaweza kukutajia kijiji ambacho hakiko kwenye ramani, na mtoto anafikiri mzee amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Andika jina hilo vile anavyolitamka.

Kisha 1964 ilikuja vita ya Simba, watu wakalala porini. Hata daktari Carl Becker, aliyetibu watu wengi pale Oicha tangu miaka ya 1930, alilazimika kukimbia. Kila kizazi kilikuwa na kukimbia kwake. Kila kukimbia kuliacha mtoto fulani kwa jirani, dada fulani aliyeolewa njiani, ndugu fulani aliyebaki ng'ambo. Ukitafuta jamaa iliyopotea, fuata njia za kukimbia, usifuate tu njia za kuzaliwa.

Karatasi zilizobaki

Watu wanasema: «Karatasi zetu ziliungua.» Ni kweli kwa zile za nyumbani, na mara nyingine kwa zile za etasivili. Lakini kuko vitabu vingine. Misioni ya Beni, Saint-Gustave, ilianzishwa 1906 na mapadri wa Moyo Mtakatifu waliotoka upande wa Stanleyville. Waasumpsioni walifika 1929, na dayosezi ilikua mpaka ikapata jina la Butembo-Beni katika 1967, wakati wa Mgr Emmanuel Kataliko. Kila parokia inashika kitabu cha batizo. Ndani mnaandikwa jina la mtoto, siku, wazazi, na msimamizi wake. Pembeni padri anaongeza ndoa yake, hata kama aliolea parokia ingine. Kwa hiyo mstari mmoja wa batizo unaweza kukupeleka mpaka parokia ya pili, na ya tatu. Ndugu Waprotestanti nao waulize kwenye makanisa yao, kama Katwa, pamoja na liste za wanafunzi wa masomo ya zamani.

Unapotafuta, kumbuka mitego mitatu. Wa kwanza: majina. Katika 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu, na sheria namba 73-022 ya 20 Julai 1973 ikakaza mambo. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Joseph mwaka wa 1950 anaonekana kama Joseph kwenye parokia, lakini kwenye karatasi za Zaire Joseph amepotea, kumebaki Kambale na jina la pili. Kisha 1990 Joseph amerudi. Watu watatu kwenye karatasi, kumbe ni mtu mmoja.

Mtego wa pili: fasi. Wakati wa Mobutu territuari iliitwa «zone», na mpaka 1988 sisi sote tulikuwa wa Kivu moja. Ukiona «Zone de Beni, Kivu», usitupe ile karatasi.

Mtego wa tatu: mwaka wa kuzaliwa. Wazee wengi walipewa mwaka na karani aliyeangalia uso tu. Usiulize koko «ulizaliwa mwaka gani?» Uliza: ulikuwa unachunga mbuzi ama bado, wakati wa uhuru wa 1960? Ulikuwa na mtoto mgongoni wakati wa Simba? Ulikuwa umeolewa wakati noti zilibadilishwa, mwisho wa 1979? Baba yako alitahiriwa katika olusumba moja na nani? Kwa njia hiyo unapata mwaka ulio karibu na ukweli.

Kinywa cha mama

Historia yetu iliyoandikwa imeangalia sana wakubwa. Mwamerika Randall Packard alikusanya masimulizi ya Bashu katika miaka ya 1970, akatoa kitabu chake 1981. Ni kazi kubwa, lakini inaeleza hasa wafalme na mashindano yao. Kwenye kyaghanda pia, wanaume wakikaa kwa moto, walitaja mstari wa baba: fulani wa fulani wa fulani. Mstari wa mama ulibaki jikoni na shambani.

Na kule jikoni njo kuko mambo mingi. Mama anajua nani alinyonyeshwa na nani. Anajua mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, anajua mahari ililipwa mbuzi ngapi na nani alishika kamba. Anajua dada aliyeolewa Kamango, na watoto wake waliovuka Bundibugyo pamoja na maelfu wa Watalinga katika Julai 2013. Ukiuliza baba peke yake, utapata nusu ya mti. Tena usiulize mama mbele ya watu wote. Keti naye akichambua maharagi, acha maneno yaje yenyewe.

Wafu wa juzi

Kuko hasara ya karibu zaidi. Tangu Oktoba 2014, kule Ngadi, Mbau, Oicha na Eringeti, kisha Rwangoma katika Agosti 2016, na fasi zingine nyingi mpaka leo, watu walizikwa haraka, wengine pamoja katika shimo moja. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina na kuisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3470, waliokufa 2287. Wengi walizikwa na watu wa timu, wamevaa vile tunavyojua, na jamaa zilisimama mbali. Ilikuwa lazima juu ya kukata ugonjwa, lakini jamaa zingine mpaka leo hazijui vizuri kaburi la mtu wao ni lipi.

Kwa hawa, kuandika haiwezi kungoja wajukuu. Jina kamili, tarehe, fasi, nani alikuwa pale, nani aliona kaburi. Tusiseme tu «walikufa watu makumi». Kila mmoja alikuwa Paluku wa mtu ama Masika wa mtu. Tukiacha sasa, kesho mtoto atahesabu majina ya jamaa yake, atakuta nafasi, atauliza «Kavira alienda wapi?», na hakutakuwa mtu wa kumjibu.

Kumbukumbu isigeuke panga

Tuseme na hili, juu tunalijua. Tarehe ile ile ya 20 Julai 1973 ilitoka pia sheria ya udongo, namba 73-021. Ilisema udongo ni wa Serikali, na haki za wanakijiji zitapangwa baadaye na ordonansi ya Rais. Ordonansi hiyo tunaingoja bado. Katikati ya hayo, kwenye vijiji vyetu ushahidi wa mdomo njo unabeba uzito: nani alikata pori hapa, nani alimpokea, nani ni mpaka wake. Kwa hiyo historia ya jamaa inasaidia mjane na yatima kurudishiwa shamba. Hiyo ni kazi nzuri.

Lakini watu wengine wanachukua historia hiyo hiyo na kusema: «Wewe ni wa kuja, toka.» Mtu akipanda kweli mpaka juu ya mti wa jamaa yake, atakuta naye ni wa kuja. Bambuti walikuwa porini mbele yetu. Bambuba, Bapakombe na Bapere wako na masimulizi yao. Na sisi wa milimani tulivuka Semliki. Jamaa mingi ziko na koko mmoja wa ukoo mwingine. Ukiandika, andika na huyo. Ukimficha, umeandika uongo, na uongo kwenye daftari la jamaa unaweza kuua mtu kisha miaka makumi mbili.

Tufanye nini sasa

Chama kinaomba kila jamaa ichukue daftari moja ngumu, na kijana mmoja wa kuandika. Anza na wewe, panda kwa wazazi, kisha kwa wakoko wanne, si kwa mmoja tu. Andika jina la hesabu, jina la pili, jina la batizo, baba, mama, ekihanda, kilima, na fasi ya kaburi. Pale nafasi inabaki katika hesabu, andika alama ya kuuliza, usijaze kwa kubuni. Wazee wawili wakisema tofauti, andika maneno ya wote wawili na majina yao. Shika sauti ya mzee kwenye telefone, akikubali, lakini usitegemee telefone: inaibiwa, inaanguka majini. Andika mara mbili. Daftari moja ibaki nyumbani, ya pili iende kwa ndugu anayekaa mji mwingine, juu vita haiwezi kuchoma fasi mbili siku moja kwa urahisi.

Mambo ya siri ya jamaa, kama mtoto wa nje ama mwanamke aliyetendewa mabaya na watu wa silaha, yaandikwe tu kama mwenyewe anataka. Majina mengine yanahitaji kulindwa na si kutangazwa.

Ndugu waliofika Butembo toka Kanyabayonga na Kirumba katika 2024, hata kama hamjarudi bado kwenu, musingoje siku ya kurudi. Anzeni hapa mulipo, na wazee mulio nao. Kwenye kikao kijacho, kila jamaa italeta daftari yake, tulinganishe. Pengine Kasereka anayekosekana kwenye daftari yako amekaa kwenye daftari ya jirani.