Mshipa Unapoziba Ndani ya Jicho

Labda umewahi kumsikia nyanya akisema, "Jicho hili limezima ghafla, lakini haliumi." Kwa kuwa haliumi, huambiwa alale, kesho litafunguka. Leo tusikilize jinsi madaktari walivyojua kwamba sivyo.

Zamani mboni ya jicho ilikuwa shimo jeusi tu. Nuru iliyoingia ilirudi kule kule ilikotoka, na daktari akiinama kuchungulia, kichwa chake mwenyewe kiliziba taa. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyefundisha Königsberg, alitumia vipande vyembamba vya kioo kurusha nuru ya taa ndani ya jicho, huku akichungulia kupitia kioo hicho hicho. Akaona retina na mishipa ya damu juu yake, bila kumpasua mtu.

Mwaka 1859 Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza habari za mgonjwa wa moyo aliyepofuka ghafla jicho moja. Kitu kilitoka moyoni, kikasafiri na damu, kikaziba ateri kuu ya retina. Retina ikikosa damu hivyo hupauka, na katikati hubaki doa jekundu.

Picha zilikuja baadaye. Mwaka 1886 huko Bristol, Uingereza, Jackman na Webster walipiga picha retina ya mtu hai. Ilibidi atulie dakika mbili na nusu! Jaribu kumwambia mwanao atulie hivyo. Mwaka 1961 Novotny na Alvis wa Indiana, Marekani, walieleza njia ya kudunga rangi kwenye mshipa wa mkono, kisha kuipiga picha ikipita jichoni. Penye ateri iliyoziba, rangi huchelewa au haifiki. Mwaka huo huo daktari Hollenhorst alieleza chembe za mafuta zinazong'aa ndani ya ateri za retina, zilizobanduka kutoka mishipa ya shingo. Chembe kama hizo zikielekea ubongoni, ni kiharusi.

Hapa kwetu Nakuru, miaka ya 2013 na 2014, watafiti walipiga picha za ndani ya jicho kwa simu ya mkononi iliyofungwa kifaa kidogo.

Basi nyanya akisema jicho limezima, hata likirudi baada ya dakika chache, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Retina iliyokosa damu kwa saa nne huharibika vibaya. Usipoteze muda na dawa ya matone. Mweleze daktari jicho lilizima saa ngapi, na kama ana presha, kisukari au ugonjwa wa moyo.