Mwalimu wa Walimu Nchini Kenya: Kutoka Kabete hadi Kishikwambi

Katika elimu ya msingi nchini Kenya, mwalimu aliyetolewa darasani ili awasaidie walimu wenzake, na ambaye siku hizi huifanya kazi hiyo akiwa na kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo, ana nasaba ndefu kuliko kifaa anachokibeba. Cheo chake rasmi ni Afisa wa Kusaidia Mtaala, ingawa walimu wengi wa umri wa makamo humtambua zaidi kwa jina la zamani la TAC tyuta, linalotokana na ufupisho wa Kiingereza wa vituo vya ushauri kwa walimu. Kifaa kimeongezeka katika mkoba wake kwa kuchelewa sana. Jambo lililomsumbua tangu mwanzo, nalo ni la kijamii kuliko kuwa la kiufundi, ni kama anaingia darasani mwa mwenzake kwa ajili ya kumsaidia au kwa ajili ya kumripoti.

Asili ya kazi hii iko mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1907, Anna T. Jeanes, tajiri wa Philadelphia aliyekuwa muumini wa dhehebu la Marafiki, alitoa dola milioni 1 kuanzisha mfuko wa kusaidia shule za vijijini za Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Mwaka uliofuata, Virginia Randolph, mwalimu wa shule ndogo katika wilaya ya Henrico jimboni Virginia, aliteuliwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mfuko huo, akaacha darasa lake moja na kuanza kuzizungukia shule za wilaya nzima ili kuwasaidia walimu wake katika ufundishaji, usafi wa mazingira na kazi za mikono. Mpango huo ulivutia macho ya Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 kuchunguza hali ya elimu, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, chini ya J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume hiyo, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani.

Wanafunzi wa Kabete walikuwa watu wazima, wengi wao walimu waliopendekezwa na misheni, na walifika pamoja na wake zao, ambao nao walifundishwa utunzaji wa nyumba na watoto. Baada ya mafunzo kila mmoja alirudi katika eneo lake akiwa na jukumu la kuzitembelea shule kadhaa za vijiji, kuwaonyesha walimu wasio na mafunzo namna ya kuandaa somo, na wakati huo huo kuwahimiza wanakijiji kuchimba vyoo na kuboresha mashamba. Mwalimu wa Jeanes, kwa hiyo, alikuwa mshauri wa ufundishaji, bwana afya na bwana shamba kwa pamoja, na hakuna shaka kwamba mzigo huo ulikuwa mzito kupita kiasi. Aidha, falsafa iliyomwongoza, ya kumpa Mwafrika elimu iliyofungamana na maisha ya kijiji, ilipingana na matakwa ya wazazi wengi, hasa katika Kenya ya kati, ambako kufikia miaka ya 1930 Wakikuyu walikuwa wakijenga shule zao huru na kudai elimu ya vitabu na ya Kiingereza. Mwalimu huyo alifika shuleni akiwa na ujumbe wa serikali na misheni, na hata alipokuwa na nia njema hakuweza kuuvua. Shule yenyewe haikudumu katika shabaha yake ya kwanza: baada ya Vita Kuu ya Pili iligeuzwa kuwa kituo cha maendeleo ya jamii, na mwaka 1961 eneo lake likawa makao ya Taasisi ya Utawala ya Kenya, iliyofunza maofisa wa serikali mpya.

Kazi ya mwalimu wa walimu ilirejea kupitia mlango mwingine. Mwaka 1957 kilianzishwa mjini Nairobi Kituo Maalumu kilichotunga mtaala wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa mbinu za vitendo na makundi, na mfumo huo uliojulikana kama Mkabala Mpya wa Shule za Msingi ulienea haraka katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mbinu hizo zilikuwa ngeni kwa walimu waliozoea kukaririsha, wengi wao wakiwa na mafunzo haba, na kwa hiyo palihitajika wasimamizi wa kuwatembelea mara kwa mara. Kutoka katika haja hiyo, katika miaka ya 1970, vilichipuka vituo vya ushauri kwa walimu: chumba kimoja au viwili katika shule iliyo katikati ya eneo, penye vitabu, chati na zana zilizotengenezwa kwa mikono, chini ya mwalimu mzoefu aliyeteuliwa kuwa mshauri. Mshauri huyo alibaki mwajiriwa wa Tume ya Huduma kwa Walimu kama mwalimu mwingine yeyote, na kwa muda mrefu hakuwa na ngazi yake ya kupanda cheo, wala nauli ya uhakika ya kuzifikia shule alizokabidhiwa. Pale nauli ilipokosekana alikaa kituoni na kuwasubiri walimu, ambao mara nyingi hawakuja.

Inafaa kutaja kwamba katika kipindi hicho hicho teknolojia ilijaribiwa kwa namna iliyompita kabisa mshauri. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Marekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo, ambapo sauti ya redioni iliuliza maswali, ikanyamaza kusubiri watoto wajibu, kisha ikaendelea. Watoto walinufaika, lakini mwalimu alikuwa msaidizi wa redio, na aliyepaswa kumlea mwalimu hakuwa na nafasi katika mpango huo. Miradi ya wafadhili wa Uingereza katika miaka ya 1990 ilifuata njia tofauti kwa kuviimarisha vituo vyenyewe, na elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, madarasa yalifurika kiasi kwamba mshauri aligeuka kuwa tegemeo la kila kitu, kuanzia ugawaji wa vitabu hadi ukusanyaji wa takwimu.

Mabadiliko makubwa yalianzia Kisumu. Mwaka 2013, chini ya mradi wa usomaji na hesabu uliojulikana kama PRIMR, shule ziligawanywa katika makundi: katika kundi moja vishikwambi vilipewa washauri, katika la pili vilipewa walimu, na katika la tatu wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki, huku kundi jingine likibaki bila mradi ili kutoa ulinganisho. Makundi yote matatu yaliendelea vizuri kuliko lile lisilo na mradi, lakini tofauti baina yao haikuwa ya maana kitakwimu, ilhali gharama zilitofautiana sana, kwa kuwa kifaa kimoja cha mshauri kilihudumia shule nyingi. Ni matokeo ambayo wauzaji wa vifaa hawakuyashangilia, nayo yangestahili kusomwa kwa makini zaidi na wanasiasa waliokuwa wameahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika uchaguzi wa mwaka ule ule. Ahadi hiyo, baada ya zabuni ya kwanza kukwama, iligeuzwa kuwa Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali, na kuanzia mwaka 2016 vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu na projekta vilisambazwa katika shule za umma kote nchini. Katika shule nyingi viliishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wizi na kwa kukosa mtu wa kumshika mwalimu mkono baada ya mafunzo ya siku chache.

Wakati huo mradi wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 na kuendeshwa na Wizara ya Elimu kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulikuwa umechagua njia ya Kisumu ya bei nafuu. Washauri zaidi ya 1,000, waliohudumia takriban shule 23,000 za msingi za umma, walipewa vishikwambi vyenye programu iitwayo Tangerine, ambayo iliwaongoza katika kulitazama somo hatua kwa hatua, kuwapima watoto wachache kasi ya kusoma kwa sauti, na kuzungumza na mwalimu papo hapo kuhusu yaliyoonekana. Programu ilinakili pia mahali na wakati wa ziara kupitia setilaiti, na nauli ya mshauri ililipwa kulingana na ziara zilizothibitishwa kwa njia hiyo. Tatizo la nauli, ambalo lilikuwa limeudhoofisha mfumo kwa miongo kadhaa, likapata dawa, na mshauri aliyekuwa akisubiri kituoni akaanza kuonekana madarasani. Dawa hiyo hiyo, hata hivyo, ilimfanya yeye mwenyewe awe mtu anayetazamwa: ofisi ya kaunti iliweza kujua alikokuwa, alikaa muda gani, na watoto wa shule zake walisoma maneno mangapi kwa dakika.

Katika miaka ile ile, jina la Afisa wa Kusaidia Mtaala lilipokuwa likichukua nafasi ya jina la zamani, Tume ya Huduma kwa Walimu ilianzisha mfumo wa kupima utendaji wa walimu, unaojazwa kupitia intaneti, na afisa huyo huyo akapewa sehemu katika kuuhakiki. Vyama vya walimu viliupinga mfumo huo kwa ukali. Mwalimu ambaye asubuhi alitarajiwa kumweleza mshauri kwa uwazi kwamba hajui kuiunganisha projekta, au kwamba somo lake la kusoma limemshinda, alijua kwamba mtu yule yule alikuwa na neno katika tathmini yake, na si ajabu kwamba baadhi yao waliona ni salama zaidi kunyamaza. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, pamoja na msisitizo wake juu ya ujuzi wa kidijitali, mshauri alirudishiwa kazi ya kufunza kwa wingi, bila kupunguziwa ile ya kuhakiki.

Nchini Tanzania mvutano unaofanana na huo umechukua sura nyingine. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kumalizika, na mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ukawaweka walimu wa shule moja katika jumuiya za kujifunza wao kwa wao, huku ufuatiliaji ukibaki kwa Ofisa Elimu Kata, ambaye kwa muundo wa ajira yake ni msimamizi wa shule za kata.